Hatupo

Siku ile mjinga alikuwa Mpimaji mwenyewe, na yeye hapingi. Boti ya idara ilikuwa ikizunguka ghubani taratibu, mama mkwe wake kwenye usukani, yeye chini ya turubai na visikilizi masikioni, akikodolea kioo cha sona. Kazi yenyewe si ngumu. Mashine hutupa mlio majini. Mlio ukigonga samaki, hurudi. Sauti ikirudi nyembamba, samaki haba; ikirudi nene, samaki tele. Wakiwa haba, ghuba ingefungwa wazaliane. Wakiwa tele, meli kubwa zingefunguliwa njia. Mama mkwe, ambaye nyavu za nyumbani kwake siku hizi zilivua majani, aliomba wawe haba. Ila mkwe haombwi waziwazi, kwa hiyo alikuwa akikohoa.

Mlio wa kwanza ulirudi ukiuliza, "Nani?"

"Mimi," akajibu Mpimaji kwenye kipaza sauti, kama wajibuvyo watu wote waliosimama nje ya mlango wa wenyewe.

"Mimi nani?"

"Mpimaji."

"Hatupo."

Sauti ilikuwa nene, ya kukwaruza. Mashine ikaugawanya unene wake kwa sauti ya samaki mmoja wa kawaida, ikapata maelfu, na kuchora wingu jeusi kioo kizima. Mpimaji aliona si adabu kuwagongea tena watu waliokwisha kusema hawapo. Akampigia simu Mkuu wa idara.

"Mkuu, samaki wamesema hatupo."

"Wamesema sipo au hatupo?"

"Hatupo."

"Basi ni wengi. Halafu tangu lini asiyekuwepo akajibu? Shule ulikwenda kukata kucha?"

Simu ikakatwa. Kabla chai ya chupa haijapoa, redio ya usukani ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ghuba imejaa.

"Baba," mama mkwe akasema, "ungemwambia tu kuna kimya." Kisha akakohoa tena, na heri angetukana.

Mpimaji akarudi kwenye mashine. Safari hii alibisha hodi kama mtu aliyelelewa. Maji yakafunguka ubavuni, akatoka samaki mmoja mzee, jike, mgongo umeota majani kama paa lililosahauliwa, akaegemeza kidevu ukingoni mwa boti. Mama mkwe akamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba.

"Bibi, mko wangapi humo?" Mpimaji akauliza.

"Mimi tu. Wengine mmewala."

"Sasa mbona ulisema hatupo?"

"Ukoo mzima haupo. Ningesema sipo, ningekuwa mwongo."

Mpimaji alipiga simu tena, akaomba radhi, akaeleza. Mkuu akaja mwenyewe, peke yake, na boti ya kasi, jaketi la kuokolea maisha limekaza juu ya suti, tai imetokeza kama ulimi. Nyuma yake meli kubwa zilikuwa zimekwisha kuingia na zinashusha nyavu. Hakushangaa kukuta samaki anaongea. Kilichomuudhi ni sarufi.

"Wewe ni mmoja?"

"Kama unionavyo."

"Mmoja husema sipo. Umeipotosha idara, bibi. Tangazo limeshatoka, halirudi."

"Mkuu, si tuzisimamishe tu hizo nyavu?" Mpimaji akajaribu.

"Wewe nyamaza, masikio ya kuazima! Sisi wananchi tumelipokea tangazo kwa furaha kubwa, eti leo tulifute kwa sababu ya kiambishi? Haiwezekani kiumbe kimoja kikajiita sisi. Haijapata kutokea!"

Samaki alimtazama, akaitazama boti yake kutoka mbele hadi nyuma, kiti kimoja kimoja.

"Haya, sisi wananchi," akasema, "wenzako wamekaa wapi?"