Inuka, Umekalia Magunia Yangu

Haya nilisimuliwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni mkata tiketi kwenye jumba la sinema. Alikuja kunirudishia ngazi Jumapili asubuhi, na mambo yenyewe yalikuwa yameisha jana yake. Shemeji si mtu wa kutia chumvi, hata mezani. Aliegemeza ngazi ukutani, akavua kofia, akaanza na viti, maana yeye kila habari huianzia kwenye viti.

Viti vya jumba lile ni vya kukunja, vya kitambaa chekundu, na siku ya kwanza ya filamu mpya vilijaa karibu vyote, pamoja na vile vya nyuma vinavyobana nguo. Bango la nje lilisema ni kisa cha kweli. Wala halikuwa na haja ya kusema, kwa kuwa kesi yenyewe ilikuwa ya mtaa huu huu, ya mtoto yatima aliyefungiwa stoo. Watu walivaa nguo safi, wakabeba leso, kwa sababu walishaambiwa filamu inahuzunisha.

Ilipofika pale mlango unapofungwa na msichana anabaki gizani amekumbatia magoti, ukumbi mzima ulilia. Shemeji naye alilia, akiwa amesimama mlangoni na tochi yake. Taa zilipowashwa, kando ya kila aliyelia alikuwa amekaa msichana. Alikuwa yule yule mmoja: gauni la njano, kifungo cha juu kimekatika, magoti kidevuni. Penye kiti kitupu alikaa kitini, pasipo kiti alikaa sakafuni. Wa shemeji alikaa juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

"Hawa wana tiketi?" mwenye jumba akauliza.

"Hawana."

"Basi usiwahesabu."

Watu wakawaambia wasichana waondoke nao, lakini hawakuinuka. Ikabidi wabebwe kama walivyokaa. Walikuwa wepesi kama mito. Kila mtu akaenda na wake nyumbani, maana utamwachaje mtoto wa watu.

Aliyetoka mikono mitupu alikuwa mmoja tu, naye ni baba mkubwa wa yule mtoto wa kweli. Alikuwa amekalishwa mstari wa mbele bila kulipa, kwa kuwa katika filamu yeye ndiye shujaa. Aliyemfungia mtoto, kwa mujibu wa filamu, ni msichana wa kazi. Baba mkubwa anarudi kutoka safari, anasikia kilio, anavunja mlango kwa bega. Hapo watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye viti. Yeye hakulia. Kando yake palikuwa na kofia yake.

Sasa, ukweli mtaa mzima unaujua. Aliyefunga mlango alikuwa yeye mwenyewe, baba mkubwa, kaka wa marehemu baba wa mtoto. Alimpiga kwa waya wa pasi, akamfungia, na ufunguo akauning'iniza kwenye msumari nje ya mlango, mahali ambapo yeyote angeufikia. Majirani walisikia kilio. Waliongeza sauti ya redio. Hakuna aliyevunja mlango. Bibi mmoja mshona magodoro alikuwa ameomba kuhifadhi magunia yake ya sufi katika stoo ile, na siku alipokuja kuyachukua alitungua ufunguo, akafungua, akamkuta mtoto amekaa juu yake.

"Inuka, mwanangu," bibi akamwambia. "Umekalia magunia yangu."

Mtoto akainuka. Bibi akamtwika gunia dogo, yeye akabeba kubwa, wakaenda zao.

Kesi ilikuja baadaye. Majirani walisema hawakusikia kitu kwa sababu ya redio, na hilo lilikuwa kweli. Msichana wa kazi alikuwa ameshahama, kwa hiyo lawama ikaenda kwake, ikakaa vizuri. Mtoto hakuulizwa.

Mtoto huyo leo ni mama mtu mzima. Bibi alipofariki alimwachia karakana na sindano zake ndefu, na watu wakamwita Fundi Godoro. Magodoro yake hayana uvimbe, hayana bonde, na ukilala juu yake unaamka umesahau unadaiwa nini. Yeye mwenyewe hayalalii. Stoo ile ilikuwa fupi, mtu hawezi kunyooka mle, hivyo alijifunza kulala amekaa na mwili ukakariri. Usiku huketi juu ya kigoda, mgongo kwenye mlango, na asubuhi huamka na shingo yake pale pale alipoiacha.

Njia ya kwenda karakana inapita mbele ya baraza la baba mkubwa. Miaka yote hiyo alipita na kumwamkia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kazi njema."

Ni mkubwa wake, angefanyaje. Alikuwa akisema neno hilo kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Filamu hakwenda kuiangalia. Wateja walimuuliza, akawajibu, "Mwisho wake naujua, na huo wenu siujui."

Majumbani wasichana hawakusumbua mtu. Walikula wakiambiwa wale. Waliambiwa karibu, kaa, jisikie uko kwenu, nao wakakaa. Tatizo ni kwamba walikaa tu. Usiku ukiingia hawakujilaza. Ukitandika shuka, wanakaa juu ya shuka. Na mtu akiongeza sauti ya redio, waligeuza nyuso ukutani wote kwa pamoja, nyumba hii na ile, mpaka mtaa mzima ukawa unasikiliza taarifa ya habari kwa kunong'onezwa.

Watu wakachoka. Wa kwanza kumrudisha alikuwa kinyozi. Alimbeba mpaka kwenye ukumbi wa kuingilia sinema, akamweka chini ya bango.

"Mimi nililipia kulia," akasema. "Sikulipia kulea."

Nesi naye akaleta wake, akasema msichana anamtazama kila akipika. Mwalimu mkuu alikuja akiwa amemfunga sweta kiunoni. "Si mtoto mbaya," akamwambia shemeji. "Ila nikimkaripia wa kwangu, huyu ndiye anayejikunja. Mtu unashindwa kufoka nyumbani kwako mwenyewe."

Ukumbi ukajaa. Walikaa kwenye ngazi, chini ya dirisha la tiketi, juu ya meza ya soda. Na kule ndani filamu ilikuwa imeharibika, kwa kuwa msichana hayumo tena. Msichana wa kazi alikuwa anafunga mlango wa stoo tupu, tena anaufunga kwa hasira. Watu walikaa na leso zao kavu mapajani.

Mwenye jumba akamwita mwenye filamu. Akaja na gari, amevaa miwani ya jua hata ndani, akawatazama wasichana kama mtu anayetazama mvua iliyomkuta bila mwavuli. Akasema dawa ni rahisi. Siku hiyo hiyo, Jumamosi, kabla ya onyesho la mchana, wakalishwe mbele ya kile kitambaa cheupe, taa zizimwe, nao wataingia wenyewe.

"Wakishaingia?" mwenye jumba akauliza.

"Filamu inaendelea. Anafungiwa mchana, anafungiwa jioni. Kesho tena. Ndiyo kazi yake."

Shemeji alikuwa anafagia hapo. Yeye wa kwake hakumrudisha. Alikuwa nyumbani, na mdogo wangu alikuwa amemsuka nywele. Aliposikia neno kazi, aliegemeza fagio, akatoka, akaenda karakana.

Fundi Godoro alikuwa anashona godoro la mwisho la oda ya nyumba ya wageni. Oda ilikuwa kubwa, magodoro yamepangwa mpaka dari.

"Dada," shemeji akasema, "wanataka kuwarudisha stoo."

Alikata uzi kwa meno. "Lini?"

"Leo. Sasa hivi."

Akachomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi, akatoka bila hata kubadilisha viatu.

Walipofika, mwenye filamu alikuwa ameshavua koti. Alikuwa amejaribu kuwaamrisha, "Simameni! Moja, mbili!" Hakusimama mtu. Alikuwa amejaribu pipi. Mwishowe akawaambia vijana wa jumba wawabebe, lakini wale wepesi kama mito walikuwa sasa wazito kama mawe ya msingi. Kwenda nyumba za watu walikubali kubebwa. Kurudi kule walikataa kwa uzito. Vijana wawili walishika mmoja, wakabaki wamekunja migongo wanatazamana.

"Leteni toroli," mwenye filamu akasema. Kisha akamwona Fundi Godoro. "Dada, tiketi bado."

"Sikuja kuangalia."

"Wewe ni nani wao?"

Fundi Godoro akamwonyesha kwa kidole msichana wa kwenye bango. "Mimi ni huyo hapo."

Mwenye filamu akalitazama bango, akamtazama yeye. "Umekua," akasema.

"Nimekua. Hukuja kuniuliza."

"Tulimhoji mzee. Mzee anaeleza vizuri sana."

"Anaeleza vizuri," Fundi Godoro akakubali. "Stoo yenyewe mmeipanua."

"Kamera haikuenea."

"Na mimi sikuenea."

Hapo toroli likafika. Mwenye filamu akasema, bila ubaya, kwamba hawa watoto ni mali ya filamu na onyesho linaanza. Fundi Godoro akamwambia basi awapakie. Mwenye filamu akainama kumpakia wa kwanza, miwani ikaanguka, msichana hakusogea hata unywele.

Fundi Godoro akasimama katikati ya ukumbi. Aliweka mikono kiunoni kama alivyokuwa akiiweka marehemu bibi, na sauti iliyotoka, shemeji anasema, ilikuwa ya mtu mwenye haraka zake, asiyejua kwamba anafanya jambo kubwa.

"Inukeni, wanangu. Mmekalia magunia yangu."

Hapakuwa na gunia hata moja. Wasichana wakainuka. Waliinuka wote, kwa sauti kama ya mashuka yanayokung'utwa, magoti yakilia, na ndipo watu walipoona kwamba ni warefu. Hakuna aliyewahi kuwaona wamesimama.

Wakatoka nje. Yeye mbele, wao nyuma, na shemeji mwishoni kabisa kwa sababu alibaki kufunga mlango, mazoea ya kazi. Wale wachache ambao hawakuwa wamerudishwa walitoka majumbani, wakajiunga, na yule wa shemeji alitoka na nywele zake za kusukwa, akitembea taratibu asizivuruge. Barabara ikawa ya njano kutoka sinema mpaka kona. Kinyozi alisimamisha wembe, mteja akabaki na ndevu za upande mmoja. Mwalimu mkuu aliwaomba wapange mistari, kisha akaona imeshapangwa. Nyumba moja mtu akaongeza sauti ya redio, mazoea nayo. Hakuna aliyegeukia ukuta. Redio ilikuwa inapiga tarumbeta, nao wakatembea kwa kuzifuata, mguu kwa mguu, mpaka mabati yakaitikia.

Baba mkubwa alikuwa barazani na gazeti. Aliwaona wanakuja. Akatengeneza kola, akakohoa kidogo, akaandaa marahaba yake kama kila siku.

Fundi Godoro alimtazama usoni. Akapita.

Baba mkubwa alikuwa ameshafungua mdomo. Akangoja wa pili. Wa pili alimtazama, akapita. Wa tatu hivyo hivyo. Walipita wote, mmoja mmoja, wakimtazama bila chuki na bila salamu, na kwenye mtaa ambao mtoto asiyeamkia mkubwa huvutwa sikio na yeyote aliye karibu, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hata mimi," shemeji akaniambia, "nilitaka kumwamkia, shemeji, si unajua tena. Meno yakakataa."

Marahaba ile ilibaki mdomoni. Jioni shavu la kushoto lilikuwa limevimba kama lina limau zima, na nesi alipomchungulia alisema, "Ni marahaba tu, mzee. Haing'olewi. Mpaka itumike." Watu wengine wanaendelea kumwamkia kama zamani, kwa heshima zote, na kumsifu kwa ule mlango. Anawajibu kwa upande wa kulia.

Karakanani, Fundi Godoro alishusha magodoro yote ya nyumba ya wageni. Aliyatandaza ndani, akayatandaza ukumbini, yaliyobaki akayatandaza uani kivulini. Wasichana wakakaa juu yake, magoti kidevuni. Mmoja akajiegemeza. Mwingine akalala ubavu. Kisha wakaanza kunyoosha miguu, pole pole, wakipapasa ukuta kwa vidole. Ukuta haukuwepo. Wakanyoosha zaidi.

Walilala mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa nyumba hata nyumba. Shemeji alitaka kufunga mlango kwa ajili ya nzi.

"Acha wazi," Fundi Godoro akamwambia.

Alizunguka akiwafunika, na alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa godoro la mwisho, lililo karibu na mlango, mgongo wima. Msichana aliyekuwa juu yake ndiye pekee aliyebaki macho. Akamsukuma kwa mguu.

"Inuka, mama. Umekalia godoro langu."

Fundi Godoro akacheka. Shemeji anasema alikuwa hajawahi kukisikia kicheko hicho, kina pua ndani yake. Akainuka. Msichana akajivuta pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Akalala ubavu, magoti juu. Akakaa hivyo kitambo. Kisha kidole cha mguu kikatoka, kikapapasa mbele.

Kutoka mwisho wa barabara ikasikika sauti ya kitu kinachovunjika, halafu makofi mengi. Onyesho la mchana lilikuwa limefika pale kwa baba mkubwa na bega lake.

"Nini hicho?" msichana akauliza, ameshafumba macho.

"Mlango wa stoo."

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Msichana akalala. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Fundi Godoro akageukia upande wa pili, akanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho wa godoro, akalala.