Hedifoni za Baba Ukasha

Mwanasiti hakuwa mtu wa kuficha wivu wake. Wenziwe huuficha, wakausingizia kuumwa kichwa au joto la mchana. Yeye aliuita kwa jina lake, akakaa nao barazani pake pale Ikwiriri, kila apitaye auone.

Na sababu alikuwa nayo. Mumewe, Mwinyimvua, alikuwa mfanyabiashara wa mchele mwenye wake wawili. Mkubwa ni yeye Mwanasiti, mama yake Ukasha. Mdogo ni Muzdalifa, binti wa wakulima wa Mtawanya, aliyewekwa nyumba Kibiti. Mwinyimvua alinunua mchele Ikwiriri na kuuza Kibiti, kwa hiyo zamu za ndoa na safari za biashara zilikwenda pamoja. Akimaliza zamu huku, anapanda basi na magunia yake, anaanza zamu kule.

Watu walimsifu kwa uadilifu. Akinunua doti ya kanga, ananunua mbili za maandishi yale yale. Miaka ile vitu vya Dubai vilipoanza kumwagika madukani, alinunua redio kaseti mbili zinazofanana hata rangi, moja Ikwiriri, moja Kibiti. "Huyo ndiye anayejua kuoa," walisema msikitini. Sifa hizo zilimchoma Mwanasiti kifuani. Yeye alianza na mtu huyu kwenye kibanda cha makuti, wakala mlenda pamoja, leo apimiwe mume kibaba kwa kibaba na mwanamke aliyekuja juzi! Kuna la kusifu hapo?

Basi Mwinyimvua akaja na wokmeni, kile kiredio kaseti cha mfukoni. Aliinunua Kariakoo kwa ajili ya safari zake, maana barabara ya Kibiti ilikuwa ikichimbwachimbwa na basi linaweza kukuweka njiani mpaka ukawachoka abiria wenzako. Hedifoni zilizokuja nayo zilikuwa za utepe wa kichwani, na kila akivaa kofia yake ya viua zinateleza. Hazikumaliza mwezi, zikakatika.

"Nitakununulia mie," Mwanasiti akasema upesi.

"Wewe?"

"Mie. Kwani mke hamnunulii mumewe?"

Alikuwa ameshapata wazo. Kitu hicho kingekuwa kimoja tu, kisicho na pacha wake Kibiti, na kingetoka mkononi mwake. Zaidi ya hayo, njia nzima ya kwenda kwa bi mdogo, mpaka kwenye ngazi ya basi, masikio ya Mwinyimvua yangekuwa yake yeye.

Duka la Sadala lilikuwa karibu na stendi, limejaa saa za mkononi, tochi na kanda. Sadala alikuwa mtani wa kila mteja.

"Shemeji, karibu. Leo unatafuta nini, au unatafuta nani?"

"Hedifoni. Zilizo nzuri, usinitolee makapi."

Akamtandikia juu ya kioo. Zilikuwapo za utepe zenye sifongo; hizo Mwanasiti akazisukuma pembeni kwa kidole. Zilikuwapo za kuning'inia mdomoni mwa sikio. Akazijaribu kwa kanda ya taarabu, lakini mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ilikuwa ikinguruma, na muziki wote ukamezwa na mngurumo.

"Hizi hazifai. Abiria akikohoa, yeye anasikia."

"Kwani unataka asisikie kitu?"

"Asisikie kitu. Mle kwenye basi mna wanawake wauza ufuta wana midomo hao!"

Sadala akacheka, akainama chini ya meza, akatoa za kuchomeka, zenye vipira laini vya kuingia ndani ya tundu la sikio. Mwanasiti akazisukumiza masikioni. Mashine ya kukoboa ikafa. Akabaki yeye na mwimbaji peke yao, kama wamejifungia chumbani.

"Hizi zinaziba kweli," Sadala alisema Mwanasiti alipozivua. "Tatizo atapitishwa kituo. Konda akiita Kibiti, hasikii."

"Kibiti hahitaji kuitiwa. Angekuwa anakwenda kwingine ningeogopa."

Vipira vilikuja vya vipimo mbalimbali, na Sadala akataka kumpa vya kati. Mwanasiti akakataa. Masikio ya Mwinyimvua aliyajua kuliko mwenyewe, maana ndiye aliyeyasafisha kwa unyoya wa kuku tangu ujana wao, bwana kalaza kichwa mapajani pake, kafumba macho. Tundu la kulia lilikuwa jembamba, la kushoto pana.

"Kulia nitilie kidogo, kushoto kikubwa."

"Ala! Umempima?"

Lilikuwa limemjia jambo jingine, nalo lilimkata kama wembe: na huko Kibiti, nani anayasafisha? Akalipa, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jioni ile alichukua kanda tupu, akaitia kwenye redio kaseti yake, akarekodi taarabu upande mmoja. Mwishoni akasogeza mdomo, akatia maneno yake: "Baba Ukasha, saa hizi basi linakaribia Kibiti. Hiyo kanzu uliyovaa nimeifua mie. Huo wali ulio tumboni mwako nimeupika mie. Ukishuka, shuka na akili yako."

Mwinyimvua akazivaa hedifoni, zikamkaa barabara. Akaondoka anatikisa kichwa kwa muziki, na Mwanasiti akaingia ndani akiwa ameshiba furaha.

Aliporudi, kanda ilikuwa na maneno upande wa pili.

"Mama Ukasha, shikamoo," ilisema sauti ya kike, tulivu, yenye adabu zote. "Kanzu imefika salama. Kola ilibaki na doa kidogo, nimeifua upya. Wali wako baba ameusifu, ila amekuta kamba wa nazi, akala tena."

Mwanasiti alisimama, akakaa, akasimama tena. Kumbe kanda ya mumewe ilipigwa kwenye redio ya Kibiti, na yule akawa na ujasiri wa kujibu maneno asiyoambiwa! Akafuta, akarekodi upya, akamwaga alivyojaliwa. Na jibu likaja.

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza, na Mwinyimvua ndiye aliyekuwa tarishi. Kila zamu ikiisha aliitia kanda kwenye wokmeni, akazichomeka hedifoni, akaenda. Mwanasiti aliendelea kumsemesha yeye, lakini akijua fika ni nani mwingine atasikia. Akamkumbusha mafuriko ya mto, mume alivyombeba mkewe mgongoni maji yakiwa kifuani, Ukasha yuko tumboni mwa mama. "Hilo la mafuriko sijapata kusimuliwa," Muzdalifa alijibu, na sauti yake ilikuwa imepungua. Mwanasiti alitembea kwa maringo wiki nzima.

Safari nyingine jibu lilichelewa kuanza. Muzdalifa akasema kwamba mimba yake ya miezi mitatu imetoka, na ilipotoka mume alikuwa zamu ya Ikwiriri, na hakutaka kumwita maana zamu ya mtu ni haki yake. Mwanasiti machozi yalimtoka. Akayafuta kwa hasira, akajikaripia kwamba analilia mtoto wa adui.

"Kanda uliisikia?" akamuuliza mumewe.

"Niliisikia. Nzuri sana."

"Nilisema nini?"

"Si maneno yako yale yale, mama Ukasha!" Akacheka, akanyoosha mkono kwenye sahani.

Lakini sasa jambo likageuka. Mwinyimvua akaanza kuvaa hedifoni hata nyumbani. Akila, amezivaa. Akikaa barazani, amezivaa, kafumba macho, kichwa kinakwenda taratibu. Mwanasiti akimwambia bati limetoboka upande wa jikoni, anaitikia kwa kichwa. Akimwambia Ukasha amefukuzwa darasani kwa kukosa sare, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa.

Wivu ukampanda Mwanasiti mpaka usingizi ukamtoka. Alijua kinachosikilizwa mle. Ni upande wa pili wa kanda! Ni yule, na sauti yake ya shikamoo, ameingia nyumbani kwa watu, amekaa baina ya mke na mume mezani, ndani ya zamu isiyo yake. Huo ni wizi. Alifikiri kwenda kwa shehe amuulize kama sauti nayo ina zamu, na kama mume anaruhusiwa kumsikiliza mke wa kule akiwa kitandani kwa mke wa huku. Kilichomzuia ni aibu ya kuchekwa na watu. Akasogeza sikio karibu na la mumewe aibe japo neno moja, lakini hedifoni zile alizozichagua mwenyewe hazikutoa hata mnong'ono.

Ijumaa Mwinyimvua akaenda kuswali, na msikitini huwezi kwenda na vitu masikioni. Akaacha wokmeni na hedifoni zake kitandani. Mwanasiti hakungoja ageuze kona. Akazichomeka, akakaza moyo, akabonyeza kitufe.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akafungua, kanda imo, yake ya zamu ile. Akaigeuza, akabonyeza. Kimya kile kile, na mapigo ya damu yake mwenyewe ndani ya masikio. Akafungua kifuniko cha nyuma. Betri zilikuwa zimevimba na kuvuja, zimefanya unga mweupe, na vyuma vya kushikia vimeliwa na kutu. Hizo hazikuwa zimekufa jana wala juzi. Zilikuwa zimekufa siku nyingi, na yeye Mwinyimvua anatikisa kichwa, anatabasamu, anasema nzuri sana.

Mwanasiti alikaa ukingoni mwa kitanda. Alijiona mjinga, na akamchukia mumewe kwa mara ya kwanza, bila mwanamke mwingine wa kumsingizia. Mafuriko alimsimulia nani? Maneno yote yale, ya kupenda na ya kulalama, aliyapokea nani? Alikuwapo mtu mmoja tu duniani aliyeyasikiliza, neno kwa neno, na kuyajibu.

Hata hivyo wivu haukumtoka. Ulibaki na kona moja ya kujibanza: huenda huku ndiko anakozivaa, kule anazivua. Hilo lilimuuma kuliko yote yaliyotangulia.

Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Siku ya safari alirekodi kanda bila taarabu, bila kumtaja baba Ukasha. "Muzdalifa," alisema, "ni mie. Sitaki vita leo. Niambie haki ya Mungu, hata kama itaniumiza. Hizo hedifoni, akiwa kwako, anazivua?"

Mwinyimvua akaichukua, akaitia mfukoni bila kuuliza, akazichomeka hedifoni masikioni, akapanda basi.

Zamu ya Kibiti ikaisha, akarudi, akaomba maji ya kuoga. Mwanasiti alimpa ndoo, akaitia kanda kwenye redio yake, akapunguza sauti. Alimsikia Muzdalifa akivuta pumzi, akianza, akiacha.

"Dada," hatimaye alisema, na alikuwa akilia. "Mie siku zote nikidhani kwako ndiko anakozivua."