Sori ya Kusimama Wima

Asubuhi hiyo Mopelola alikwisha kulisikia neno hilo mara tatu kabla halijamfikia yeye. Gbolahan, mdogo wa mumewe, alimkanyaga mbuzi akamwambia sori. Jirani akapiga chafya ng'ambo ya ukuta, naye akapewa sori yake. Umeme ulipokatika, hata redio iliambiwa sori. Mji mzima wa Abeokuta hulitoa neno hilo bure kama maji ya kunawa. Ukijikwaa sokoni, mtu asiyekujua atakupa sori, na huo ni wema wake.

Lakini sasa Gbolahan alisimama mbele ya mtungi wa Mopelola wa kutilia nguo rangi ya nili, mkono mmoja mfukoni, akimpa yeye ileile ya mbuzi.

"Sori, mke wetu. Mtungi ulikuwa unanuka, na leo nina wageni."

Alikuwa amemimina chupa nzima ya dawa ya choo. Povu jeupe lilielea juu ya maji ambayo jana yalikuwa hai, yakipumua mapovu ya rangi ya shaba. Mtungi huo Mopelola aliachiwa na mama mkwe wake macho yalipomfifia, na mama naye aliachiwa na mama mkwe wake. Kila maji mapya yalichachushwa kwa mashapo ya yale ya zamani. Sasa yote yalikuwa yamekufa, ili chumba cha kijana kisinuke.

Wala si pua tu iliyomtuma. Tangu arudi Uingereza, Gbolahan alikuwa akikipima kwa macho kibanda cha nili, akitafuta pa kulaza gari lake.

Kwa Kiyoruba, mwanamume anayeomba radhi hulala kifudifudi kwanza, kifua kikagusa udongo, ndipo maneno yatoke. Kiingereza hakidai kifua. Hakichafui hata shati.

Baba mdogo wa nyumba aliitwa kusuluhisha. Alikuja akitafuna karanga.

"Mke wetu, si amesema sori? Unataka akuandikie barua?"

Mopelola alitazama miguu yake mwenyewe. Gbolahan alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita, lakini Mopelola alimwita kaka, kwa sababu mke huhesabiwa kuzaliwa siku aliyoletwa nyumbani. Miaka minne hakuwahi kumjibu mtu wa nyumba ile.

"Basi yameisha," alisema baba mdogo. "Na kibanda, kwa kuwa mtungi umeharibika, tumwachie kijana aegeshe gari."

"Yameisha wapi?" Mama mkwe alitokea mlangoni akipapasa ukuta. "Nimemsikia akimwomba radhi mbuzi. Mke wetu hajaombwa."

Akamfikia Mopelola. Kisha, bibi yule ambaye nyumba nzima humpigia magoti, akapiga magoti yeye, polepole, goti moja baada ya jingine.

"Nimekuzalia mjinga. Nisamehe."

"Aa, Mama! Sori, sori, inuka bwana," alisema Gbolahan. Mkono wake ulikuwa bado mfukoni.

Mopelola alimwinua mama. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu, na kucha zake zilikuwa bado za buluu. Kisha Mopelola akamgeukia shemeji yake.

"Kaka Gbolahan, sori yako siitaki. Ichukue. Na kibandani sitoki."

"Umesemaje?"

"Amesema hatoki," alisema mama. "Masikio pia uliyaacha Uingereza?"

Baba mdogo alikumbuka kwamba ana shughuli mjini.

Wageni walipofika, wasichana wawili wenye miwani ya jua, walilikuta gari barabarani likiungua jua. Mopelola alikuwa amejifunga khanga kiunoni, akiusugua mtungi, huku mama akiponda majani ya nili kwa kupapasa tu.

"Jamani, hapa pananuka nini?" aliuliza mmoja.

"Dawa ya choo," alijibu Mopelola bila kuinua kichwa. "Nili mpya itaanza kunuka Jumatano."