Uji Unapoa

Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa juu kabisa akipaka rangi pembe ya dari ya ukumbi. Yeye alikuwa chini ameing'ang'ania ngazi, maana vigae vilikuwa vimetoka kupigwa deki na miguu ya ngazi haikuwa na mipira.

Msimamizi akachungulia mlangoni. "Wewe, njoo usukume makabati. Wageni wanakaribia."

"Nikiachia itateleza, bosi."

"Kwani huyo ni mtoto? Njoo."

Shemeji akacheka huko juu. "Nenda bwana, usije ukatufukuzisha kazi."

Akaachia. Hata makabati hajayagusa, alisikia ngazi ikikwaruza vigae, kisha kishindo. Alipogeuka, rangi ilikuwa inatambaa sakafuni kuelekea kwenye nywele za shemeji yake.

Jioni msimamizi alimvuta pembeni, sauti laini kama ya mjomba.

"Alikuwa amelewa. Uliona mwenyewe."

"Huyu hajawahi kuonja pombe, bosi."

"Basi kuna mtu aliachia ngazi. Nani?"

"Si wewe uliniita?"

"Nilikuita mimi? Nani alisikia?"

Aliyesikia alikuwa hospitali, hajitambui. Wakubwa wa kampuni walipokuja kuuliza, msimamizi alisimama karibu naye, bega kwa bega. Naye akasema alichotakiwa kusema: shemeji alikuwa amelewa. Kampuni ikanawa mikono, na yeye akabaki kazini.

Siku aliyopiga moyo konde akaenda wodini, dada yake alimpokea kwa macho yaliyovimba. Akampa bakuli la uji amlishe mgonjwa, dada mwenyewe akachukua ndoo kwenda kuchota maji.

Shemeji alikuwa amelala chali. Kuanzia kiunoni kushuka chini, hakuhisi kitu. Alimeza vijiko vichache, akageuza uso.

"Shemeji, siku ile imefutika kabisa kichwani. Wanasema nililewa. Nimemwomba dada yako msamaha. Amelia sana, lakini amenisamehe." Akavuta pumzi. "Ila hata ladha ya pombe siijui. Wewe ulikuwepo. Nilikunywa?"

Dada alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni na ndoo yake, hakuitua.

Yeye akarudisha kijiko bakulini, akachota tena.

"Fungua mdomo, shemeji," alisema. "Uji unapoa."

Mgonjwa alimtazama. Kisha akafungua mdomo.