Mrefu Alioga Kwanza

Kwa wiki tatu nilishinda na vibarua wa kigeni waliokuwa wakijenga ghorofa. Walilala wanane chumba kimoja, sufuria moja, viatu vyote mlangoni. Niliwapiga picha wakichanganya zege, wakila wamechuchumaa, wakifua. Walinizoea hadi wakawa wananitania kwamba mimi ni kibarua mwenzao, ila nalipwa kwa kufumba jicho moja nyuma ya kamera.

Mbeba saruji mmoja walimwita Mrefu, maana alikuwa mfupi kuliko wote. Siku ya mapumziko alinijia ameoga, nywele kazichana, shati jeupe la kuazima limenyooka kwa pasi.

"Kaka, nipige hivi hivi. Nataka kumtumia mama."

Mimi kichwani nilikuwa na kazi yangu tu. "Kupendeza baadaye," nikamwambia. "Kwanza vaa zile za kazini. Jipake na saruji kidogo usoni."

Alicheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akaenda kubadilisha. Nikampiga picha mpaka jua likazama, nikafunga begi langu. Ile ya shati jeupe sikuipiga.

Picha yake moja, ya saruji usoni, ndiyo iliyonipa jina. Iliwekwa kwenye maonyesho, kubwa kama mlango, ikasambaa kwenye simu za watu. Niliwaalika vibarua wote. Mrefu alikuja, akasimama mbele ya uso wake mwenyewe, na wageni wakampita bila kumtambua.

"Mama ameshaiona," akasema taratibu. "Binamu yangu alimwonyesha kwenye simu. Akaniuliza, mwanangu, huko uliko hakuna maji?"

Uso ukaniwaka. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakinigongana mdomoni. "Nitakupiga nyingine, hata sasa hivi..."

"Nimemweleza, haamini. Anaona namficha shida." Akapiga simu, akanikabidhi. "Mwambie wewe."

Sauti ya mama yake ilikuwa ya upole. Nilimwambia maji yapo, mwanawe huoga kila siku, na siku ile alikuwa msafi kuliko mimi. Mimi ndiye niliyemwambia ajichafue.

Akaniuliza:

"Kwa nini, mwanangu?"

Mrefu alikuwa akinitazama. Nikasema, "Nisamehe, mama," na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Kesho yake niliishusha picha ukutani. Kwenye simu za watu bado ipo, na jina langu chini yake.