Buldoza ya Germain Yazinduliwa

Wewe unayesoma, korongo lile unalijua. Unalipita kila asubuhi ukienda Shituru, na ukifika hapo ghafla simu yako inakuwa tamu. Leo angalia.

Jiko la Delphine lilikuwa limekaa ukingoni kama kuku anayetaka kuruka. Mumewe Germain, mchomeleaji, hakusahau jambo moja: kila uchaguzi wakubwa wa komine, serikali ya mtaa, waliahidi buldoza ya kulifukia korongo, na kila mara watu waliacha salongo, kazi yao ya pamoja ya Jumamosi, wakaingoja buldoza. Safari hii aliapa kuwaaibisha wakubwa hao. Angewatengenezea yao, ndogo kama mwana-mbuzi, ya telekomande, ya kuongozwa kwa mbali.

Mota alizitoa kwenye drili mbovu, minyororo kwenye baiskeli. Bamba la mbele lilichimba mno, mashine ikainua kitako. Akalipandisha kidogo, akaongeza uzito wa risasi nyuma. Ikavuta kushoto, akaipunguzia mota ya kulia umeme, ikanyooka kama reli. Kufikia hapo hasira ilikuwa imeshageuka utamu.

"Baba Sephora," Delphine alimwambia mumewe, "weye unapima risasi, jiko inaenda."

"Ngoja, mama. Bapate aibu kwanza."

Akamwita mkuu wa komine aje aone. Mkuu alikuja, na utepe, na fanfare ya matarumbeta.

"Njo ile buldoza balitulayaka, ile ya ahadi?" mama mmoja akauliza. "Iko bado mutoto!"

"Itakomaa!" mkuu akajibu, akakata utepe. "Ahadi ni deni, bandugu. Leo tumelipa!"

Germain alifungua mdomo amtukane. Lakini mashine ilisukuma udongo vizuri, moja kwa moja, bila kutikisika, na makofi yakalia. Kwenye picha anaonekana akitabasamu.

Umati ukasogea ukingoni upate video. Udongo ukakatika. Watu waliruka nyuma; jiko likaenda na sufuria yake ya ugali.

"Bukari yangu!" Delphine akalia.

"Germain, buldoza yako ifukie basi!" mmoja umatini akapaza sauti.

Wakacheka. Germain aliweka telekomande chini, akachukua beleshi, akaanza kujaza gunia udongo wa kuzuia ukingo, peke yake. Hilo pia walilipiga video.

Uliiona video hiyo. Ulimtumia shemeji yako. Sasa ukingo umefika kwenye chumba wanamolala Germain na Delphine, na mawingu yameshajikusanya upande wa Kambove. Beleshi unalo, gunia unalo. Weka simu chini uje, sasa hivi, kabla ya mvua.