Meza ya Mkwe

Randa ilipopita mara ya tatu, masizi yakabanduka na ubao ukaonyesha rangi yake. Ulikuwa mwekundu. Ipyana akaacha kazi, akalamba kidole, akasugua pale palipong'aa, kisha akacheka peke yake uani kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mninga! Mbao za mninga zimekaa juu ya moshi wa jiko miaka nenda rudi, nyeusi tititi, na hakuna aliyejali kuziteremsha.

Kwao Rungwe jambo hilo lisingemshangaza mtu. Kule miti imejaa, mbao hulala nyuma ya nyumba mpaka zinaota uyoga, na mwenye shida na ubao anachukua tu. Huku Ufipa uwanda wote ni nyasi mpaka macho yachoke, na mbao za maana huja kwa lori kutoka mbali. Ipyana alikuwa na miaka miwili tangu ahamie Sumbawanga, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, na alikuwa amejifunza mengi: baridi ya Juni, upepo unaopenya chini ya mlango, ugali wa ulezi. Habari za mbao hakuna aliyemfundisha.

Useremala alijifunza kwenye simu, kwa kutazama video. Alianza na kibao cha kukatia mboga, akaja na rafu ya viatu iliyoegemea upande mmoja kama mlevi, na mumewe Flavian akambandika jina la fundi wa simu. Flavian alikuwa kwenye bandari ya Kasanga akisimamia mizigo ya boti ziendazo Kongo, akija nyumbani mara moja moja. Safari hii Ipyana alitaka kumfunga mdomo. Ndiyo maana hakumwuliza mbao zile ni za nani.

Na yeye hakuweza kumwuliza mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Zenon, baba yake Flavian, na kwa Wanyakyusa mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hampi kitu mkononi, hapiti alipokaa. Wengi wa rika lake wameshayaacha hayo, lakini Ipyana alilelewa na bibi yake, na bibi yule hakuwa mtu wa kuacha kitu. Akisikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu, Ipyana alijibanza nyuma ya mlango na kuitoa shikamoo yake huko huko. Mzee Zenon, Mfipa wa watu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwanzoni alidhani mkwe anamchukia. Flavian alipomweleza, alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akazoea, ingawa kuna siku alisikika akiwaambia kuku kwamba nyumba ina watu wawili na bado anakula peke yake.

Tabu ilikuwa chai. Ipyana aliiweka sebuleni juu ya kigoda, akakohoa, akatoka, ndipo mzee akaingia. Kigoda kilikuwa kifupi na kiliyumba, na mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Siku moja mwezi wa Mei chai ya moto ilimmwagikia pajani. Ipyana alikuwa nyuma ya pazia, akamsikia akivuta pumzi kwa meno, na hakuweza kwenda kumfuta. Alisimama pale ameshika pazia, analia kimya kimya kwa hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Ndipo alipoamua kutengeneza meza ya sebuleni, pana, ya kutulia, ya kimo cha mkono wa mtu aliyekaa.

Mzee alipokwenda Kaengesa kwa binti yake Margareth kusaidia mavuno ya ulezi, au tuseme kuyasimamia akiwa amekaa, nafasi ikapatikana.

Ipyana alipiga randa jioni baada ya kazi na Jumamosi kutwa. Alizikata mbao kwa kipimo alichokitaka, na msumeno ulipozama harufu ya moshi wa zamani ilitoka ndani ya ubao, nzito, mpaka akageuka kuangalia kama jikoni kuna moto. Jikoni kulikuwa na paka tu. Alichonga miguu minne, akaitoboa matundu ya mraba kwa patasi, akachonga ndimi za kuingia humo, akazipaka gundi na kuzigonga taratibu. Hakutumia hata msumari mmoja. Alipomaliza kupaka vanishi aliizunguka meza mara kadhaa, akaikalia, akaitikisa. Haikuyumba. Alijisikia fundi kweli.

Mzee Zenon alirudi siku ya upepo mkali. Ipyana alikuwa ameshaiweka chai juu ya meza, na kitambaa cheupe chini ya kikombe, akajificha nyuma ya pazia akisikiliza, maana hata mtu mzima hungoja kusifiwa.

Fimbo iliingia. Ikasimama. Bati lililia juu ya nyumba. Kisha Ipyana akasikia kiganja kikipita juu ya mbao, polepole, kutoka upande huu hadi upande ule, na kurudi. Mzee aliuliza kitu kwa Kifipa. Hakuwa akimwuliza yeye.

Baadaye Ipyana aliikuta chai imepoa, haikuguswa.

Kuanzia siku hiyo mzee alikaa sebuleni kutwa nzima. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza, akawa anazungumza kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejieleza. Alikuwa anasema, ananyamaza muda wa jibu, kisha anasema tena. Baridi iliikaza meza, ikawa inatoa mlio, ta, kama kidole kinachovunjwa, na kila ilipolia mzee aliitikia, "Ee."

"Mkwe," aliita asubuhi moja. "Leta vikombe viwili."

"Kuna mgeni, baba?" Ipyana aliuliza nyuma ya pazia.

"Wewe leta."

Alileta viwili, akakohoa, akatoka. Kikombe cha pili kilirudi kimejaa, baridi, na utando juu. Siku ya tatu kilirudi kimepungua nusu. Ipyana alijiambia mzee ndiye amekunywa, nani mwingine, akakiosha kwa haraka na kukifunika. Lakini siku hiyo mzee alipokwenda kuota jua nje, yeye alipita sebuleni na meza ikalia, naye, kabla hajajizuia, akaitika.

Alimfuata jirani yao Rozina, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipepeta mahindi kwenye ua wake. Rozina alikuja, akajifanya ameleta unga, akamsalimia mzee, akasikiliza. Walipotoka alimvuta Ipyana mpaka nyuma ya banda la kuku.

"Zile mbao ulizitoa wapi?"

"Jikoni. Juu ya dari."

Rozina akafumba macho. "Mama, zile ni za kwenda nazo."

"Kwenda nazo wapi?"

"Kwani mtu anakwenda wapi na mbao? Kaburini." Akashusha sauti. "Huku kwetu mbao ni za shida. Wazee wengine wanajiwekea za jeneza mapema, wasije wakafungwa kwenye maboksi. Mzee na marehemu mkewe, mama Albina, walinunua mti mmoja, zamani, wana nguvu zao. Wakaupasua, wakagawana. Mama Albina amelala na nusu yake. Hiyo uliyokata ni nusu ya mzee."

Ipyana akakaa chini penye mavi ya kuku.

"Na anaongea nini?" aliuliza baadaye.

"Anaongea na Albina. Anamwambia asikasirike, mtoto hakujua."

Jioni alimpigia Flavian. Sauti za wapagazi zilisikika nyuma yake. "Ungeniuliza," Flavian alisema.

"Ungeniambia. Miaka miwili napika chini ya jeneza la baba yako, hukuniambia."

"Ningeanzaje? Karibu nyumbani mke wangu, na zile pale juu za kumzikia mzee?" Alivuta pumzi. "Usilie. Mninga upo Mpanda. Nitanunua nyingine."

"Siyo hizo, Flavian."

"Najua siyo hizo," alisema, na simu ikakatika yenyewe.

Asubuhi Ipyana alipiga magoti nyuma ya pazia. Aliona fimbo tu na vidole vya miguu ndani ya ndala.

"Baba."

"Ee, mkwe."

"Nimekosa. Nimekukosea sana. Sikujua."

"Najua. Ungejua, ungekata?" Meza ikalia, mzee akaiitikia, kisha akamrudia Ipyana. "Meza ni nzuri. Nimeitafuta misumari, sikuiona. Sina hasira na wewe, kuna jambo tu linanitisha. Mama yako Albina macho yalimwisha mapema. Miaka yote ya mwisho alinijua kwa harufu, moshi na mninga. Mimi ndiye niliyelala jikoni nikichochea moto ili mbao zetu zisiliwe na wadudu. Sasa nikiingia chini na mbao nyingine, atanijuaje?"

Ipyana aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa, mtu mzima mwenye kazi serikalini.

Mzee hakula siku hiyo, wala iliyofuata. Alisema hana njaa. Uji aliurudisha, akaomba maji, akawa anazungumza na meza kwa sauti iliyozidi kupungua mpaka Ipyana akawa anasogea karibu na pazia ili ahakikishe bado inasikika. Margareth alipigiwa simu, akasema anakuja. Flavian naye akasema anatafuta gari.

Jumamosi Ipyana alichukua nyundo, akangoja mzee aende chooni, akaingia sebuleni na kuipindua meza. Alitaka kuifungua, mbao zirudi kuwa za jeneza. Aligonga kiungo kimoja, akagonga cha pili. Havikutoka. Gundi ilikuwa imeshika, ndimi zilikaa sawasawa ndani ya matundu yake. Katika vitu vyote alivyowahi kutengeneza, hiki kimoja alikuwa amekipatia, na alikichukia kwa moyo wote. Ilibidi achukue msumeno na kuikata miguu chini kabisa ya uso wa meza. Uso ulipobaki peke yake sakafuni, alizipanga mbao zake kwa macho. Zilikuwa fupi. Lakini mbili zikipishanishwa na kuungwa kwa ulimi, zinaweza kufika. Labda.

Hakusikia fimbo. Alipoinua kichwa, ndala zilikuwa mlangoni, na yeye hana pa kukimbilia. Akajifunika kanga usoni.

"Zitafika?" mzee aliuliza.

"Nikiziunga, baba. Sijui wewe ni mrefu kiasi gani."

"Hata mimi sijui. Mtu anapungua." Aliburuta mkeka ulioegemezwa ukutani, akautandika kando ya mbao. "Futi unayo?"

"Flavian anakuja, baba. Atakupima yeye."

"Flavian tangu mdogo ananiona mrefu. Atakosea."

"Baba, kwetu siwezi..."

"Nayajua ya kwenu. Nimeyaheshimu tangu ulipoingia humu." Alikuwa ameshapiga goti, ameshikilia mguu wa kiti, anashuka kidogo kidogo. "Leo naomba uniheshimu kwa namna ya kwetu. Aliyezikata ndiye anayejua zinavyoungana. Njoo."

Alilala chali, akanyoosha miguu, akaweka mikono kando. Ipyana alitoa futi ya chuma mfukoni. Alisogea kwa magoti, macho chini, akaanza na alichokijua, nyayo zile zenye nyufa alizokuwa akiziona chini ya pazia. Akakikaza kichwa cha futi kwenye kisigino kwa kukibana na tofali la kuzuilia mlango, akaanza kuivuta. Ikapita gotini. Ikapita penye paja lililoungua Mei, na hapo aliinua kidogo kanga ya usoni ili aone vizuri. Ikapita mkono uliolala wazi, kiganja juu, hautetemeki. Kifua kilikuwa chembamba kuliko alivyodhani kutokana na sauti.

Kufika utosini ilimbidi amwinamie. Akaitupa kanga nyuma na kumtazama.

Alikuwa Flavian. Flavian aliyezeeka, aliyenyolewa, mwenye nywele nyeupe masikioni na mkunjo ule ule wa kubisha kati ya nyusi. Miaka miwili amempikia mtu huyu bila kuujua uso wake. Ulikuwa uso wa mtu mpole, na Ipyana alitamani angeuona mapema. Macho yalikuwa yamefumbwa, midomo imebanwa kama ya mtu anayepigwa picha, anayeogopa kuiharibu. Alikuwa amezuia pumzi ili kipimo kisikosewe.

Ipyana aliweka ukucha penye namba.

"Nimeshapima, baba," alisema karibu na sikio lake. "Pumua sasa."

Mzee Zenon hakufumbua macho, wala kifua chake hakikuinuka. Nje upepo ulikuwa umetulia na kuku walikuwa wakiparua ukutani.

"Baba. Pumua."

Akangoja, futi imenyooka toka kisigino hadi utosini, kidole gumba kikiwa kimeibana pale pale asije akaipoteza namba.